Katibu na Waya Wake

Hapa Dar es Salaam, ukishajulikana una laptopu, ukatibu hauuombi. Unakufuata mpaka mlangoni. Mimi sijawahi kugombea nafasi yoyote. Siku moja shangazi alisema tu, "Andika wewe, si una kompyuta," na tangu hapo nimekuwa katibu wa kamati za harusi, za sendofu, za kipaimara, na kamati moja ya kumhamisha bibi kutoka nyumba moja kwenda nyingine iliyo mtaa wa pili, ambayo nayo ilikuwa na mwenyekiti, mhazini na bajeti ya soda. Mchana nahariri vitabu vya watu. Jioni kazi yangu ni kujua nani aliahidi laki mbili na mpaka sasa ametoa elfu thelathini.

Laptopu yenyewe niliirithi kwa kaka yangu, aliyeinunua enzi zile watu wakiamini kwamba skrini ikipanuka na akili inapanuka. Inchi 15.6. Ina vitufe vya tarakimu pembeni, ina mlango wa kuingizia CD ambao mwanangu aliugeuza ghala la vijiti vya ice cream, na ina betri ambayo kwa haki ingekuwa imeshastaafu na kulipwa kiinua mgongo. Kwenye kona ya skrini iliandika asilimia 63 kwa kujiamini kabisa. Ukichomoa waya, inazima hapo hapo, bila kuaga.

Mbuzi hula urefu wa kamba yake. Mimi nilihariri urefu wa waya wangu, mita moja na nusu kutoka ukutani. Ili nipanue malisho nikanunua ekstensheni ya mita tano. Kisha plagi ya chaja ilikuwa ya pini mbili, na soketi zetu ni za matundu matatu, kwa hiyo nikawa natembea na kifuniko cha kalamu cha kuchokonolea tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke. Ukijumlisha kompyuta, chaja yenye boksi lake zito katikati ya waya, ekstensheni na kile kifuniko, nilikuwa nabeba begi ambalo makonda wa daladala walilitazama kwa jicho la kulidai nauli.

Tabia yangu ikabadilika. Nikiingia mahali sikutazama watu, nilitazama kuta. Nawajua wachungaji kwa soketi zao: kanisa moja inakaa nyuma ya kinanda, jingine iko juu karibu na feni, mahali ambapo fundi aliyeiweka alikuwa bado juu ya ngazi na hakuona sababu ya kushuka. Kuna mgahawa mmoja mjini wenye kahawa nzuri na upepo wa bahari, na mimi nimekunywa kahawa hiyo mara nyingi nikiwa nimekaa mlangoni mwa choo, kwa sababu huko ndiko umeme uliko. Hata msibani, Mungu anisamehe, wakati wenzangu wakifuta machozi mimi nilikuwa nimeona soketi pacha, safi, isiyo na mtu, pembeni ya kabati la vyombo.

Aliyenishtua ni fundi wa nguo. Nilikwenda kupimwa sare ya harusi ya binamu yangu, akazungusha futi, akaandika, akazungusha tena, akaita mwenzake. Wakanitazama wote wawili kwa nyuma. "Dada," akasema, "bega lako la kushoto limeshuka. Nikushonee lilivyo au nikushonee kama la mtu mwingine?" Mwenzake akaongeza kwamba la kushonea lilivyo lina ongezeko kidogo, kwa ajili ya pedi.

Hata hivyo bega ningelivumilia. Kilichonifikisha Kariakoo ni kikao.

Kilikuwa kikao cha mwisho kabla ya harusi hiyo hiyo, katika ukumbi wa nyuma wa baa ya mtaani kwetu. Soketi ilikuwa moja, ya friji la bia. Mwenye baa akaniruhusu kuchomeka ekstensheni pale na friji lake juu yake, tukae kwa ujirani mwema. Waya ukapita chini ya viti vya wajumbe mpaka mezani kwangu. Na katika safu ya viti hivyo, juu kabisa ya waya, alikaa mjomba.

Mjomba, katika kikao cha kwanza, alisimama akaweka mkono kifuani akaahidi laki tano. Akina mama walipiga vigelegele, mtu mmoja akainuka akamkumbatia. Tangu siku ile safu ya taslimu mbele ya jina lake ilibaki nyeupe. Sasa mhazini alitaka orodha isomwe kwa sauti, jina moja moja: ahadi, taslimu, baki. Kwa wasiojua vikao vyetu, huo ndio wakati ambao watu hukumbuka simu walizosahau kupiga.

Nikasoma. Nilipobakiza majina mawili kumfikia mjomba, skrini ikawa nyeusi. Nikawasha upya. Mashine ile ikizimwa kwa ghafla huamka kwa manung'uniko, inajikagua, inajisamehe. Wajumbe wakapata muda wa kuagiza soda na kuzimaliza. Nikaanza tena juu, kwa sababu mwenyekiti alisema utaratibu ni utaratibu. Majina mawili kabla ya mjomba, giza. Mara ya tatu mwenyekiti mwenyewe akainua kitambaa cha meza na kuchungulia chini ya viti. Mjomba alikuwa ameinama huko, mkono karibu na plagi.

"Nafunga kamba za viatu," akasema.

Alikuwa amevaa makubazi.

Hakuna aliyepata nafasi ya kulijadili hilo, maana mwenye baa aliingia akiwa na chupa mkononi ameishika kama ushahidi. Friji nalo lilikuwa limekatwa kila nilipokatwa mimi, bia zimekuwa vuguvugu, na wateja wa mbele wanaulizana kama hii ni baa au zahanati. Kikao kikafungwa bila maazimio. Kwenye muhtasari niliandika "changamoto za kiufundi".

Idara ya teknolojia ya ukoo wetu ni mtoto wa kaka yangu, kijana wa chuo, mwana wa yule yule aliyeniachia jumba lile la inchi 15.6. Nikampigia. "Shangazi, shikamoo. Unataka ya bei gani?" Nikamwambia nataka ndogo, nyepesi, inayokaa na chaji. Akacheka kwa heshima. Akasema kila mtu anataka hiyo, na kwamba tangu kompyuta za kubebwa zianze, watengenezaji wanajua kukupa viwili kati ya vitatu na kukudai hela ya cha tatu.

Nikaenda kusoma, kwa sababu ndivyo tunavyofanya wahariri tukiogopa kununua. Nikagundua kwamba mateso yangu yana ukoo. Mwaka 1981, Marekani, Adam Osborne alitoa kompyuta ya kubebwa iliyoitwa Osborne 1. Ilikuwa na ukubwa wa cherehani, uzito karibu kilo 11, na haikuja na betri yoyote. Unaibeba kilo zote hizo kutoka soketi hii kwenda soketi ile. Nilihisi kama nimeona picha ya babu.

Lakini miaka miwili tu baadaye, 1983, ikatoka TRS-80 Model 100. Chini ya kilo moja na nusu. Inatumia betri nne ndogo, hizi hizi za saa ya ukutani, na inakwenda masaa kama 20. Waandishi wa habari waliipenda sana, maana unaandika popote, zikiisha unaingia dukani unanunua nyingine nne. Skrini yake haikuwa na taa na ilionyesha mistari minane tu ya maandishi. Niliposoma hapo nikaweka kikombe chini. Mistari minane! Mimi sijawahi kuhudhuria kikao kilichotoa maazimio yanayozidi mistari minane. Ningeishi na mashine ile kwa raha mpaka nizeeke, na dunia ilikuwa nayo tangu 1983, ikaamua kuongeza rangi.

Kijana akanirudisha kwenye karne hii. "Shangazi, usiulize masaa. Uliza wati." Betri, akaeleza, hupimwa kwa wati-saa. Kompyuta nayo inakula wati kadhaa kila wakati. Gawanya la kwanza kwa la pili, unapata masaa. Betri ya wati-saa 50 kwenye mashine inayokula wati 10 inakupa masaa matano. Ikila wati 5, kumi. Mimi nilisomea fasihi makusudi ili nisigawanye tena, lakini hesabu hii nilikiri ina utu. Maana yake kuna njia mbili za kukaa na chaji: kuwa na ghala kubwa au kuwa na tumbo dogo. Ghala kubwa lina uzito. Tumbo dogo halina.

Akanipa mfano ambao bado naurudia kwa watu wasionitaka. Mwanzoni mwa 2020 kampuni ya Apple iliuza MacBook Air yenye prosesa ya Intel, kilo 1.29, betri ya wati-saa 49.9, na kwa vipimo vyao wenyewe ilikaa hadi masaa 11 ya kuperuzi intaneti. Novemba mwaka ule ule wakatoa nyingine yenye prosesa yao, M1. Kilo 1.29. Betri wati-saa 49.9. Masaa 15. Hata feni hawakuweka. Yale masaa manne ya ziada hayakutoka kwenye betri. Yalitoka kwenye kupunguza ulaji. Kwa upande wa Intel akanifundisha kutazama herufi inayofuata namba ya prosesa: U ni ya mlo mdogo, kwa kawaida wati 15, na H ni ya wenye njaa, mara nyingi wati 45. "Ukiona H, Shangazi, salimia upite."

Ile ya M1 nilikwenda kuiona dukani. Niliinyanyua, nikaipenda, nikauliza bei, nikaifunga taratibu sana kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Kuhusu masaa ya watengenezaji nina neno moja. Ile M1 inasifiwa pia kwa masaa 18 ya filamu, na sina sababu ya kuwabishia. Lakini vipimo vya namna hiyo hufanywa mwanga wa skrini ukiwa umepunguzwa na mashine haifanyi kingine chochote. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kupata masaa 18 ya kutazama filamu bila kuitwa. Mimi nina faili la Excel la michango, kurasa kadhaa za intaneti, muswada wa mtu mwenye picha nzito, na skrini iliyowashwa mpaka mwisho kwa sababu ukumbini daima kuna dirisha nyuma yangu. Masaa yaliyoandikwa kwenye boksi, kwa mtu wa hali yangu, nayagawa kwa mbili na nashukuru.

Basi nikaenda Kariakoo, mahali palipopata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, nikatafute mzigo mwepesi. Nilibeba na jumba langu, nikitumaini kuna atakayelipokea niongeze hela.

Kariakoo hununui dukani moja kwa moja. Kwanza unanunuliwa wewe. Winga alinidaka kabla sijavuka barabara. "Anti, laptopu? Simu? Kava?" Nilipotamka laptopu akawa tayari ameshika mkoba wangu kwa upole na tunapanda ngazi. Winga hana duka. Ana maduka yote. Akaniketisha kwenye stuli, akatoweka, akarudi na mashine ya rangi ya waridi. "Hii ya kike." Nikainyanyua kwa mikono miwili. Uwaridi ulikuwa stika. Chini yake lilikuwepo jumba lile lile la inchi 15.6, ndugu wa damu wa langu.

"Inakaa na chaji?"

"Anti, hii ukichaji leo, kesho unasahau chaja umeiweka wapi."

Nikaomba iwashwe bila waya. Hapo wenye duka walitazamana. Zikaletwa nyingine, ndogo kidogo. Mojawapo winga aliisifia kwa unyenyekevu ulionivutia: "Sitaki kukudanganya, Anti. Hii inakaa saa nne." Nikaona huyu ni mtu mkweli. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini asubuhi. Tukaiwasha, nikafungua hiki na kile, nikapunguza mwanga, nikaongeza. Saa nne na dakika mbili ikazima. Winga akatazama saa yake ya mkononi, akaniangalia bila haya hata chembe.

"Si nilikwambia, Anti? Saa nne."

Hapo nikatoa silaha niliyopewa na kijana. Kwenye Windows kuna amri unayoandika katika lile dirisha jeusi: powercfg, nafasi, kisha /batteryreport. Mashine inatengeneza ukurasa wenye historia ya betri, na ndani yake namba mbili za kulinganisha: uwezo betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake leo ikijaa kabisa. Betri za lithiamu huchoka kila zikichajiwa na kutumika, na joto huzimaliza haraka zaidi. Na nyingi za laptopu hizi za mtumba zimeshaishi maisha yao ofisini ughaibuni, zikiwa zimechomekwa usiku na mchana. Ya kwanza niliyoipima ilitoka kiwandani na 47,000 na kitu. Ilibakiwa na 11,000. Nikawageuzia skrini.

"Hizo namba za ndani za kompyuta," winga akasema, akiifunga haraka. "Mteja hazimhusu."

Duka la pili walinitazama nikiandika, wakaniuliza kama natoka mamlaka fulani. Duka la tatu walikuwa wameshapata taarifa. Nilimsikia kijana mmoja koridoni akimwambia mwenzake, "Yule mama wa namba anakuja," na mlango wa kioo ukageuzwa kibao upande wa "Tumefunga" ilhali feni ndani inazunguka na mtu anakula chipsi. Winga wangu naye akaanza kutembea hatua kadhaa mbele, kama hatujuani.

Nilipokuwa nasubiri milango ifunguke nilimfikiria John Goodenough. Betri ya lithiamu-ioni iliingia sokoni 1991, Sony wakiwa wa kwanza kuiuza, na mwaka 2019 watu watatu walioiwezesha, Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Goodenough alikuwa na miaka 97. Hakuna aliyewahi kuipokea Nobeli akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Ningempeleka koridoni pale aone kazi ya mikono yake inavyouzwa. Yeye mwenyewe alifika miaka 100. Tukubaliane kwamba alikuwa anakaa na chaji.

Duka la mwisho, nyuma kabisa, lilikuwa la mzee mmoja asiyesema. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea na hesabu zake kwenye mashine ndogo nyeusi. Winga hakutaka hata tuingie. "Huyu hana mzigo mzuri, Anti." Nikamwuliza mzee kama ile anayotumia inauzwa. Akasema zipo nyingine, akashusha moja rafuni: ThinkPad X270, toleo la 2017, skrini ya inchi 12.5. Si nzuri. Nyeusi tii, kona zimechubuka, na nyuma ina nundu. Nundu ile ndiyo betri. Mashine hizi zina betri mbili, moja ndani ya wati-saa 23 hivi, na nyingine nyuma ya kuchomoa. Ya nyuma kubwa kabisa ni wati-saa 72, nayo ndiyo inayotokeza hivyo. Nikaandika amri yangu. Ya nyuma ilibakiwa na 61,000. Nikaandika tena nikidhani nimekosea. Mzee akanisogelea, akaigeuza mashine ikiwa imewaka, akachomoa betri ya nyuma na kuiweka mezani.

Nilifumba macho. Mazoea. Nilipofumbua, skrini bado inawaka, inakula ya ndani, kimya, kama hakuna kilichotokea. Mzee akairudisha betri mahali pake. Hilo ndilo lilikuwa tangazo lake zima la biashara.

Tukaanzia laki saba, tukaishia laki tano na nusu, na muda wote winga akiwa mlangoni akinisikitikia. "Anti, hii si ya kike."

Jumba langu mzee hakulipokea, hata kwa kuongezea hela. Nikashuka na mashine zote mbili mpaka kwa mama muuza maharage wa chini, nikamwomba mizani. Akauliza nauza nini. Nikampandishia begi la zamani na vyote vyake: kilo tatu na nusu na ushei. Nikampandishia mpya na chaja yake: haikufika kilo mbili. Mama akapiga hesabu, akasema tofauti hiyo ni maharage ya ubwabwa wa watu wengi. Kijana wa chuma chakavu aliyekuwa anapita na mkokoteni akasimama, akalitazama begi la zamani likiwa bado mezani, akauliza bila utani wowote kama nataka bei ya kilo au ya kukadiria.

Siku za kwanza za uhuru sikujua nizifanyie nini. Niliingia kwenye ule mgahawa wa upepo wa bahari, miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mlangoni mwa choo, nikabishana na baba mmoja kuhusu kiti, nikakipata, nikakaa, ndipo nikakumbuka kwamba sihitaji. Nikabaki pale kwa aibu mpaka alipoondoka. Kazi yangu ya kuhariri, mwanga ukiwa wa wastani, sasa inaanza asubuhi na kufika Magharibi bila waya. Bega halijapanda, lakini fundi anasema halijashuka zaidi.

Kisha ikaja kamati mpya, ya harusi ya mdogo wake binamu.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza, na nadhani wajumbe wenyewe hawakuwa wakilijua. Miaka yote ile, saa ya kufunga vikao vyetu ilikuwa betri yangu. Umeme ukikatika, au mtu akijikwaa kwenye waya, mwenyekiti alikuwa akisema, "Basi jamani, katibu hana chaji, tutaendelea wiki ijayo," na watu wanaenda kula wakiwa bado wanapendana. Sasa umeme ulikatika kwenye kikao cha kwanza, saa moja usiku, na uso wangu ukabaki unang'aa peke yake gizani. Mwenyekiti akasema, "Tuendelee, katibu yupo." Tukajadili rangi ya vitambaa vya meza kwa mwanga wa skrini yangu. Tukajadili kama keki ipite mlango wa mbele au wa nyuma. Tukafika kwenye ajenda ya mengineyo, na ajenda ya mengineyo haina ukuta. Wake za wajumbe wakaanza kunipigia simu mimi.

Orodha ya michango nayo, pamoja na madeni ya harusi iliyopita, ikasomwa mpaka mwisho kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo. Nilipofika kwa mjomba niliona mguu wake ukipapasa chini ya kiti, ukitafuta waya ambao haupo. "Ahadi laki tano, taslimu sifuri, baki laki tano." Mkewe alikuwepo. Kesho yake asubuhi, kabla sijapiga mswaki, mhazini alinitumia ujumbe: mjomba amelipa, yote, kwa simu, pamoja na ya kutolea.

Mtu aliyelipa ni hatari kuliko mdaiwa. Kikao kilichofuata mjomba alikaa mbele kabisa, na kila mjumbe aliyechelewa alipoingia, yeye aliinua mkono kwa utaratibu na kuomba orodha isomwe upya tangu juu, ili mwenzetu asipitwe. Wachelewaji walikuwa wengi. Ilipofika saa nne usiku nikafanya uamuzi. Hesabu ya yule kijana inakwenda mbele, kwa nini isirudi nyuma? Nikapandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho. Nikawasha Bluetooth isiyomtafuta mtu. Nikafungua kurasa za intaneti hadi zikawa haziandikiki majina, na chini kabisa, bila sauti, nikaweka video ya harusi ya binamu, yote, ile ndefu ya mpiga picha aliyelipwa kwa siku. Feni ikaanza kulalamika. Ile ya nyuma ikaisha, ikaanza ya ndani. Asilimia 30. Asilimia 17. Nikasoma majina kwa sauti ya mtu anayeona ufuo.

Asilimia 6, onyo likatokea. Nikalitangaza kwa huzuni niliyoiandaa mapema. Mwenyekiti akaanza kukusanya karatasi zake. Mjomba akasimama, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kitu cheusi chenye ukubwa wa tofali dogo na waya wake.

"Katibu, usipate taabu," akasema, akinichomekea mwenyewe. "Pawabenki. Ya laptopu. Nimeinunua Kariakoo jana kwa ajili ya kamati. Winga amenihakikishia inakaa saa sita."

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini usiku. Nikaanza kumwombea winga yule awe mkweli kama wa kwangu.